Uchambuzi wa kisa: impakti ya "388" iliyoshindwa na nati za Noah

Kuhusu kisa hiki

Natengeneza mashine za umeme za mkononi hapa Tabora mjini: drili, grainda, misumeno, na siku hizi zaidi zile za betri. Kisa hiki, cha impakti (mashine ya betri ya kufungulia nati za gari) iliyoshindwa na kazi yake, kilipita mikononi mwangu kati ya Julai na Novemba. Mwenyewe ameridhia nikiandike kwa sharti nisimtaje, kwa hiyo nitamwita Mwalimu, jina ambalo mtaa wake unamwita hata baada ya kustaafu. Mtaa wenyewe nimeuacha. Maduka na chapa za mashine zake pia nimeziacha, na bei nimezizungusha.

Mwanzoni nilikosea uchunguzi. Sehemu hiyo sikuipunguza.

Usuli

Mwalimu ana Toyota Noah ya miaka mingi na mizinga ya nyuki upande wa Sikonge. Mizinga huitengeneza mwenyewe nyumbani, ile ya masanduku, na kwa kazi hiyo alinunua drili ya betri miaka miwili kabla ya kisa hiki. Drili iliandikwa volti 20 na ilikuja na betri moja ya 4.0Ah (Ah ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri; 1Ah ni mAh 1,000) na chaja yake. Haikuwahi kumsumbua. Hilo la betri ya drili tulishike, maana ndilo lililosahaulika na watu wote, mimi nikiwemo.

Mwezi Julai alipata pancha akitoka shamba. Nati za gurudumu lile zilikuwa zimefungwa mjini na fundi wa pancha kwa mashine ya upepo, na fundi hakuiachia mapema. Mwalimu akavuta wilispana, akaikanyaga, ikateleza, bega likaumia. Alikaa barabarani mpaka akapita dereva wa lori mwenye bomba refu. Alipofika nyumbani akampigia mpwa wake aliyeko Dar es Salaam: atafute ile mashine ya betri ya kufungulia nati, ambayo mafundi wengi wanaiita impakti.

Mpwa akaenda Kariakoo. Alirudi na boksi la plastiki lenye impakti, betri mbili, chaja ndogo ya waya mwembamba na soketi kadhaa, kwa laki moja na nusu hivi. Juu ya betri paliandikwa "388VF" kwa herufi kubwa na "15000mAh" chini yake. Juu ya boksi, nguvu ya kuzungusha Nm 800 (Nm, yaani nyutoni-mita, ndicho kipimo chake). Muuzaji alimhakikishia kwamba mashine inaingiliana na betri za Makita, "kwa hiyo mjomba wako hatakwama." Boksi likapandishwa basi la Tabora.

Hakuna aliyeuliza kama inaingiliana na betri ambayo mjomba tayari anayo.

Kilichotokea

*Wiki ya kwanza.* Mwalimu alijaribu mashine uwanjani kwake kwenye gurudumu alilolifunga mwenyewe kwa mkono baada ya ile pancha. Nati zote tano zikatoka. Akafurahi, akazirudisha kwa mashine hiyo hiyo, akaishikilia mpaka ikagonga kwa sekunde kadhaa kwa kila nati. Bolti moja ya gurudumu ilikatika. Alidhani ilikuwa na kutu, akabadilishiwa, akaendelea.

*Wiki ya tatu.* Safari hii akajaribu gurudumu la nyuma, lile lililofungwa na fundi wa pancha. Mashine iligonga kwa kelele nyingi, taa ya mbele ikafifia, kisha ikakata. Akiachia swichi na kubonyeza tena, inagonga kidogo na kukata. Betri ya pili ilifanya vivyo hivyo. Zote mbili zilikuwa zinaonyesha taa zote za chaji.

*Siku mbili baadaye* akaniletea. Hapa ndipo kosa langu. Mashine inayogonga bila nguvu na kukata ilinielekeza moja kwa moja kwenye kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, maana ndizo ninazobadilisha kila siku kwenye grainda. Nikaifungua, nikakuta mota yenyewe haina kaboni, ni ile ya waya tatu nene. Basi nikasafisha vibati vya kugusana na betri, nikapaka grisi upande wa nyundo ya ndani inayogonga, nikaijaribu kwenye bolti niliyoibana kwenye jiliwa na kuikaza kwa mkono. Ikafungua vizuri. Nikamwambia Mwalimu, "Iko sawa, mzee, ni uchafu tu." Akanilipa. Kesho yake mashine ikashindwa tena na nati zilezile.

Nilikuwa nimeipima kwa kazi ambayo hata spana ya mkono ingeifanya.

*Wiki ya tano.* Kabla hajanirudia, chaja ndogo iliungua. Umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu jioni moja, na taa ya chaja haikuwaka tena. Kijana wa nyumbani akaazima kwa jirani chaja ya mashine ya kufyekea nyasi. Kichwa chake cha duara kiliingia barabara kwenye tundu la betri, na taa nyekundu ikawaka kama kawaida. Chaja ile imeandikwa pembeni, kwa maandishi madogo, 25.2V.

Betri iliwekwa hapo baada ya magharibi, ikiwa imetoka kwenye buti la gari lililoshinda juani. Saa nne usiku mke wa Mwalimu alisikia harufu kali, tamutamu, kama ya rangi ya kucha, halafu mlio mdogo kama punje ya bisi. Moshi mweupe ukatoka. Mama hakungoja kuuliza: akachomoa chaja ukutani, akaishika betri kwa koleo la jikoni, akaitupa kwenye mchanga uani. Haikuwaka moto. Kitambaa cha meza kilipata kovu la kahawia, na bado kipo.

*Wiki ya sita.* Mpwa, kwa nia njema, akatuma kwa basi adapta ya plastiki: upande mmoja unaingia betri ya drili ya Mwalimu, upande wa pili unaingia kwenye impakti. Ikafanya kazi. Tena ilifanya kazi vizuri mno. Nati za fundi wa pancha zikatoka zote isipokuwa moja. Mwalimu akaendelea nayo kwa siku mbili, akafungua na kufunga kila kitu uani, mpaka mashine ikaanza kuzunguka polepole, naye akaendelea kubonyeza. Usiku alipoirudisha betri ya drili kwenye chaja yake halisi, chaja ikaikataa.

Hapo akaja kwangu na mfuko mzima: impakti, betri moja iliyobaki, ile iliyoungua, adapta, betri ya drili iliyokataliwa na chaja mbili. Akaviweka mezani, akasema, "Fundi, leo nieleze kama mwanafunzi wako."

Vipimo nilivyochukua

Nilianza na mizani. Jirani yangu anauza nafaka, na mizani yake inasoma gramu. Betri ya impakti, ile nzima: gramu 380. Betri ya drili ya 4.0Ah: gramu 640. Kwa ukubwa wa nje zinalingana kabisa.

Seli ya kawaida ndani ya betri hizi, ya duara yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi. Seli tano ni kama gramu 230, kumi ni kama 460. Kinachobaki ni ganda, vibati na ubao wa saketi. Kwa mizani tu nilishajua kwamba betri iliyoandikwa 15000mAh ina seli tano. Na hakuna seli ya ukubwa huo inayozidi sana 3,500mAh, hata iwe ya kiwanda gani. Tano zikiwa zimefungwa mfululizo, volti hujumlika lakini mAh inabaki ya seli moja.

Volti sasa. Seli moja ya lithiamu ikijaa kabisa ina volti 4.2, na kwa wastani wa kazi ni 3.6. Tano: 21 zikijaa, 18 kwa wastani. Mita ilisoma 20.6 kwenye betri ya "388" na chaji yake imejaa. Hiyo 388 si volti wala nusu ya volti. Ni namba ya kuuzia. Nimeona za 48, 88, 128 na 288, na ndani yake zote zilikuwa tano tano.

Kipimo kilichomaliza ubishi kilikuwa cha tatu, na ndicho nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza. Nilibana bolti nene kwenye jiliwa, nikaikaza kwa spana ndefu na uzito wangu wote, nikaunga waya za mita kwenye vibati vya betri na kubonyeza swichi. Betri ya impakti ilishuka kutoka volti 20.3 hadi 12.9 nyundo ilipoanza kugonga, kisha ubao wake ukakata umeme. Baadaye, betri ya drili ilipopona, kwenye bolti hiyohiyo ilishuka hadi 17.4 na kuendelea.

Ile iliyoungua niliiacha kwenye mchanga siku mbili. Ilisoma sifuri, na sifuri ile karibu inidanganye. Seli inapofika hali mbaya huwa na kinga ndani yake inayojikata, na moja ikijikata mfululizo wote unasoma sifuri ingawa nyingine bado zimejaa. Nilipofungua ganda nilikuta seli nne zenye zaidi ya volti 4.4 kila moja, na ya tano imetapika. Nilizimaliza moja moja kwa taa ndogo, nje, mchana. Pembeni mwa seli palikuwa na vyumba vitano vitupu, vimetengenezwa vizuri, vinangoja wapangaji.

Maamuzi na sababu zake

Betri ya drili ilikuja kwanza kwa sababu ya muda. Ilisoma volti 11.8, yaani kama 2.36 kwa seli, na ilikuwa imeshuka hapo usiku uliotangulia tu. Kwa hali hiyo niliamua kujaribu: pawa saplai ya mezani, ampia 0.2, mkono wangu juu ya ganda kila dakika chache, mpaka ikafika volti 15. Haikupata joto. Nikairudisha kwenye chaja yake halisi, ikaipokea. Ingekuwa imekaa wiki tatu katika hali ile, au imeshuka chini ya volti 2 kwa seli, nisingeigusa. Na sishauri mtu aifanye nyumbani kwa kuunganisha betri mbili kwa waya, kama wengi wanavyofanya. Huko mkondo hauna anayeuzuia.

Kisha tukakaa kuamua juu ya impakti. Mwalimu alitaka kujua kwanza kama anaweza kununua betri halisi ya Makita, kwa kuwa muuzaji alisema inaingia. Ni kweli mguu wa mashine hizi, yaani sehemu betri inapoingilia, umenakiliwa kutoka mfumo wa Makita wa volti 18, ule wa LXT ulioanza 2005, na mara nyingi huingia. Lakini betri halisi moja na chaja yake vingemgharimu kuliko boksi zima alilonunuliwa, na angebaki na familia mbili za betri nyumbani, chaja mbili, kwa kazi ya kufungua nati mara moja kwa mwezi. Tukaiacha.

Kuijaza betri iliyobaki seli tano nyingine nilikataa mimi. Nafasi ipo, na wateja huniomba. Lakini inahitaji seli kumi zinazofanana kabisa, mashine ya kubandikia vibati vya nikeli, na ubao mpya wa kinga. Seli ninazoweza kuzipata hapa Tabora ni za kutoka kwenye kompyuta za zamani, zilizotengenezwa kutoa umeme taratibu kwa saa nyingi. Impakti inataka kinyume chake: ampia thelathini na zaidi kwa sekunde chache. Ningempa betri yenye mAh nyingi na ugonjwa uleule.

Adapta ndiyo iliyotupa ubishi. Mwalimu aliipenda, na kwa haki: ilifanya kazi. Mpwa kwenye simu akasema, "Mjomba, mbona inaenda? Wewe usiimalize tu chaji." Nikawaeleza kwamba drili yake ni ya mfumo ambao kinga ya kuishiwa chaji haikai ndani ya betri, inakaa ndani ya drili. Betri ina vibati vya ziada vya kupeleka habari, na drili ndiyo inayosoma na kukata. Adapta ilikuwa na waya mbili tu, chanya na hasi. Habari zilikatikia kwenye plastiki. Impakti nayo, mashine ya bei ile, haikuwa na mlinzi wake mwenyewe. Ilinyonya mpaka 11.8 na ingeendelea. Kumwambia mtu wa miaka sitini na kitu, akiwa amechuchumaa barabarani jua likizama, asikilize mlio wa mota ili ajue volti zimeshuka, huo si ushauri.

Tukaamua anunue impakti tupu, yaani mashine bila betri wala chaja, ya familia ileile ya drili yake. Ilikuwa laki mbili na kitu. Sababu zangu zilikuwa mbili: betri ya 4.0Ah tayari iko nyumbani na nimeipima, na chaja yake ni ya kiwanda, inasoma joto na inangoja betri ipoe kabla ya kuanza. Mwalimu aliongeza ya tatu: mkewe hataki tena kuona chaja ya kuazima mezani kwake.

Matokeo

Impakti mpya ilifika kwa basi katikati ya Oktoba. Ina mraba wa nusu inchi wa kushikia soketi uliotoka moja kwa moja kwenye fuawe, yaani chuma kinachopokea mapigo ya nyundo, tofauti na ile ya kwanza iliyokuwa "mbili kwa moja", robo inchi ya pembe sita ndani ya mraba, kiungo kinachomeza sehemu ya kila pigo. Nilimwambia anunue na soketi nyeusi ya impakti ya milimita 21, namba ya nati za Toyota yake. Zile za kung'aa zilizokuja na boksi la kwanza ni ngumu lakini hazivumilii kugongwa. Moja ilikuwa na ufa tayari.

Nati kumi na tisa kati ya ishirini zilitoka bila shida. Ile moja iliyoishinda adapta iliishinda na hii mara ya kwanza. Tukaweka mafuta ya kulegeza kutu, tukangoja nusu saa, tukaianzisha kwa spana na bomba, ndipo mashine ikamalizia. Sikutegemea zaidi.

Betri ya drili inafanya kazi, ingawa Mwalimu anasema siku hizi inamaliza matundu ya mzinga mmoja pungufu kuliko zamani. Namwamini. Kushushwa vile huacha alama.

Uchambuzi

Niseme kwanza kilichofaa, maana ni kifupi. Mwalimu hakutupa kitu; alileta mfuko mzima, hata chaja ya jirani, na bila chaja ile nisingejua betri iliungua kwa nini. Mama alichomoa umeme kabla ya kugusa betri na akaitupa mahali sahihi. Na duka lililouza drili miaka miwili nyuma lilikuwa na mfumo wenye mashine nyingine zinazotumia betri ileile, jambo ambalo mteja siku ile hakulijali.

Upande wa pili una mengi.

Neno "inaingiliana" lilitumika na kila mtu kwa maana ya "inaingia". Betri ya "388" iliingia kwenye mashine yake. Kichwa cha chaja ya jirani kiliingia kwenye tundu. Adapta iliingia pande zote mbili. Katika mambo matatu yaliyoingia, moja lilikosa nguvu, moja likaunguza, na la tatu likakausha betri nzuri. Umbo la mguu linaamuliwa na mwenye kiwanda, na viwanda huamua ovyo. Kuna chapa inayouza betri ileile kama volti 20 Marekani na volti 18 Ulaya. DeWalt hufanya hivyo, na hazina tofauti ya maana ndani, seli tano tu, mmoja akitaja volti zikiwa zimejaa na mwingine wastani. Upande wa pili Bosch wana volti 18 za buluu za mafundi na volti 18 za kijani za nyumbani, jina moja na volti zilezile, na hazibadilishani. Makita wenyewe walipoleta mfumo wa volti 40 hawakuufanya uingiliane na ule wa 18. Kwa hiyo namba ya volti haithibitishi mguu, na mguu hauthibitishi volti. Vinaulizwa kila kimoja peke yake.

La chaja linahitaji hesabu moja tu, na watoto wa darasa la nne wanaiweza. Gawanya volti zilizoandikwa kwenye chaja kwa 4.2. 21 inatoa tano; 25.2 inatoa sita. Chaja ya seli sita ikiwekwa kwenye seli tano, kila seli inasukumwa kuelekea volti 5. Betri iliyotengenezwa vizuri ingekataa. Ubao wa betri hii, nilipoufuatilia waya kwa waya, ulikuwa unakata upande wa kutoa umeme tu; tundu la kuchajia lilienda moja kwa moja kwenye seli. Na joto lilisaidia: watengenezaji wengi hawaruhusu kuchaji betri yenye joto linalozidi nyuzi 40 hadi 45, na buti la gari lililofungwa kwenye jua la Tabora la kabla ya mvua linazidi hapo bila taabu.

Sasa kwa nini mashine ile ilifungua nati za mkono ikashindwa za fundi wa pancha. Impakti haisukumi nati kama spana. Mota inazungusha nyundo nzito, springi inaiachia, nyundo inapiga fuawe, mara nyingi kwa sekunde. Nguvu ya pigo inatoka kwenye mwendo wa nyundo, na nishati ya kitu kinachozunguka hufuata mraba wa mwendo wake. Volti zikishuka kutoka 20 hadi 13, mwendo unabaki kama theluthi mbili, na pigo linabaki chini ya nusu. Ndiyo maana mashine iliendelea kupiga kelele nyingi: idadi ya mapigo ilipungua kwa theluthi hivi, lakini uzito wa kila pigo ulipungua zaidi ya nusu. Sikio la fundi, langu likiwemo, halikulitambua hilo. Na hizo Nm 800 za kwenye boksi, hata zingekuwa kweli, zingekuwa za betri kamili isiyoshuka.

Bolti iliyokatika wiki ya kwanza nayo ni ya kisa hiki, ingawa betri haihusiki. Nati za gari dogo la Toyota kama Noah zinakazwa kwa Nm 103. Impakti haijui 103. Ukiishikilia inaendelea kuvuta bolti mpaka irefuke. Fundi wa pancha alifanya vivyo hivyo, na Mwalimu, mwathirika wake, akamwiga. Spana ya kupimia ukazaji ni ghali kwa mtu wa nyumbani, kwa hiyo tulitumia njia ya shule: spana yenye urefu wa sentimita 40 kutoka katikati ya nati hadi unaposhika, mzani wa kuning'iniza umefungwa mwishoni, unavuta kwa pembe mraba mpaka usome kilo 26. Hiyo ni Nm 102 na ushee. Mwalimu wa zamani wa hesabu aliifurahia kuliko impakti. Sasa mashine anaitumia kufungua, na kurudishia nati mpaka ziguse tu; kukaza ni mkono, na anarudia kuzikagua baada ya kilomita mia.

Alimwendea na fundi wa pancha. Fundi akamjibu, "Mzee, mimi nikilegeza, gurudumu likachomoka, utamlaumu nani?" Hoja yake ina uzito, na hawakuafikiana. Mwalimu siku hizi akizibiwa pancha huomba wilispana na kufunga mwenyewe, fundi akimwangalia.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kupima mashine bila mzigo wa kweli. Mteja aliniambia wazi ni nati za fundi wa pancha zilizomshinda, nami nikaijaribu kwa bolti ya mkono kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Tangu hapo jiliwa langu lina bolti moja ya gurudumu la lori iliyokazwa kwa bomba, na mashine haitoki hapa kabla haijaigonga ikiwa na betri aliyokuja nayo mteja, waya za mita zikiwa zimeungwa. Elfu tano za usafi wa vibati nilimrudishia.

Impakti ya "388" na betri yake moja alichukua kijana anayefunga na kufungua vitanda na makabati. Kwa skrubu inamtosha, na nimemwandikia juu ya ganda kwa kalamu ya wino mzito: CHAJA 21V TU. Zile seli za iliyoungua bado ninazo, ncha zimefungwa tepu, kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya karakana, mbali na mafuta.